Mnazi Mmoja na Siri ya Damu

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watawala wa Kiingereza waliutenga uwanja wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka baina ya Kariakoo, makazi ya Waafrika, na katikati ya mji wa Dar es Salaam. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Mbu, asiyesoma ramani, hakuulizwa.

Fikira hiyo ilikuwa na mizizi ya Kijerumani. Robert Koch, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, aliona baadaye huko New Guinea ya kuwa damu ya watoto wa wenyeji hujaa vimelea, ilhali ya watu wazima karibu haina. Tangu 1901 wakazi wa Dar es Salaam walipimwa damu, na aliyekutwa na vimelea akapewa kwinini. Mwenyeji alihesabiwa kuwa ghala ya ugonjwa. Kwamba kinga ya mtu mzima ilikuwa kazi ya mwili wake, tena kazi ambayo watoto wengi walikufa kabla ya kuimaliza, halikutiliwa maanani.

Kazi hiyo hufanyika katika mitoki na bandama. Seli itengenezayo kingamwili ikutanapo na kimelea huzaana, na jeni za kingamwili hiyo hugeuka kwa kasi ipatayo mara milioni moja ya kasi ya kawaida. Mageuzi mengi ni hasara tupu. Seli chache zimshikazo adui kwa nguvu zaidi huteuliwa, nyingine hufa. Burnet alilieleza wazo la uteuzi mwaka 1957.

Ushahidi wa ajabu ulitoka Kilifi, katika pwani hii hii. Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya watu wazima wawili ambao kingamwili zao zilikuwa zimepachikwa kipande cha jeni nyingine, LAIR1, kutoka kromosomu ya 19 hadi ya 14. Kwa asili kipande hicho hushika kolajeni, nyuzi za mwili wenyewe. Badiliko baada ya badiliko liliulegeza mshiko huo, na kuukaza ule wa proteini ambazo kimelea huziweka juu ya chembe nyekundu za damu, akizibadili kama mwizi abadilivyo kanzu.

Mageuzi hayo hayarithiwi. Kingamwili za mama humlinda mtoto miezi michache tu, kisha huanza mwenyewe. Basi mpagazi aliyetoka nyanda za juu zisizo na malaria, akalazwa baada ya 1916 katika kambi ya Carrier Corps iliyoipa Kariakoo jina lake, alikuwa mgeni wa homa hiyo sawasawa na ofisa wake Mzungu.