Kupima Njia Kabla ya Mgeni: Reli za Mji wa Napoli

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni maneno mema. Lakini mwenyeji asiyejua njia za mji anamokaa, yeye naye ni mgeni tu. Akimpokea mgeni mwenzake, watapotea wote wawili. Jambo hilo tulijifunza sisi Wakongo wawili katika mji wa Napoli, nchi ya Italia, tulipokuwa huko kwa masomo.

Tulikuwa tumemaliza miezi miwili, nasi tulijua njia moja tu: kutoka nyumbani mpaka darasani, na kutoka darasani mpaka nyumbani. Ndipo ikatufikia habari kwamba mwalimu wetu wa zamani yuko Roma, na kwamba atashuka Napoli kukaa nasi siku mbili. Mzee huyu alitufundisha historia tulipokuwa watoto, na tangu tumekua amekuwa rafiki yetu. Wakati wa mvua, mto ulipojaa kati ya kijiji na shule, hakutuacha tuvuke kabla yeye mwenyewe hajatangulia na fimbo yake kupima kina cha maji. Sasa magoti yake yamechoka, hawezi ngazi nyingi. Naye aliandika kwamba anataka kuona mambo matatu: mahali ilipoanzia reli ya kwanza ya Italia, mji wote ukitazamwa kutoka juu, na magofu ya Pompei. Tulikuwa na siku kumi. Tukasema: mara hii ni zamu yetu kupima maji.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja uitwao Piazza Garibaldi, tukashangaa. Mahali pale pana kituo kikubwa cha magari ya moshi yaendayo mbali. Chini yake pana kituo kingine cha reli ipitayo chini ya mji. Karibu yake pana kituo cha reli nyingine tena ya chini ya ardhi, na upande mwingine pana kituo cha reli izungukayo mlima Vesuvio. Jina ni moja, milango ni minne. Aliye na tiketi ya huku akiingia kule, anarudishwa. Tulitazama ramani katika simu, nayo ilijaa mistari ya rangi kama nyuzi za mfumaji. Tulirudi nyumbani bila kujua lolote.

Jioni ile mwenzetu alisema: “Mwalimu alitufundisha nini? Ukitaka kulijua jambo, uliza lilianza lini na kwa sababu gani.” Basi tukaacha ramani, tukashika vitabu vya historia ya mji. Tangu hapo mambo yakaanza kunyoka, nasi tutawaeleza kwa kufuata miaka.

Reli ya kwanza ya Italia yote ilifunguliwa Napoli tarehe 3 Oktoba 1839, wakati wa mfalme Ferdinando II. Ilitoka mjini mpaka Portici, zaidi kidogo ya kilometa 7, ikifuata pwani ya bahari. Aliyeijenga ni Mfaransa, jina lake Armand Bayard, na vichwa vya kwanza vya gari vililetwa kutoka Uingereza. Wengine walimcheka mfalme wakisema amejijengea njia ya kwenda kwenye jumba lake la Portici. Lakini reli haikuishia pale: mwaka wa 1842 ilifika Castellammare, na mwaka wa 1844 ilifika Nocera. Hii ndiyo sababu treni za pwani zinapita chini, karibu na maji, ambako ardhi ni sawa. Anayetaka kupanda juu asizitazamie.

Napoli lakini ni mji wa vilima. Mwaka wa 1884 kipindupindu kiliua maelfu ya watu katika mitaa ya chini, iliyosongamana na kukosa maji safi. Baada ya msiba huo serikali iliamua kubomoa sehemu za mitaa ile na kujenga upya, na juu ya kilima cha Vomero, ambako zamani palikuwa na mashamba, ukaanza mtaa mpya. Lakini nani atapanda kilima kile kila siku na mzigo wake? Kwa hiyo yakajengwa magari ya kamba, ambayo wenyeji huyaita funikulare: la Chiaia mwaka wa 1889, la Montesanto mwaka wa 1891, la Centrale mwaka wa 1928, na la Mergellina mwaka wa 1931.

Tazameni jinsi linavyofanya kazi. Magari mawili yamefungwa katika kamba moja nene ya chuma, nayo mashine iliyo juu huivuta. Hili likishuka, lile linapanda. Uzito wa ashukaye unamsaidia apandaye, nayo hupishana katikati ya njia. Tulipanda yote manne kwa siku mbili. Tukagundua jambo ambalo halionekani upesi katika ramani: la Chiaia, la Montesanto na la Centrale yanaanza mahali mbalimbali chini, lakini yote matatu yanafika Vomero, nayo hayaachani sana kule juu. La nne, la Mergellina, linakwenda kilima kingine. Tulipojua kwamba yale matatu yalijengwa kwa ajili ya mtaa mmoja, hatukuhitaji tena kuuliza.

Sasa tufike chini ya ardhi. Hapa nambari zinadanganya. Katika Napoli, njia iitwayo ya 2 ndiyo mkubwa, na njia iitwayo ya 1 ndiyo mdogo. Ile ya 2 ilifunguliwa mwaka wa 1925, nayo ilikuwa ya kwanza katika Italia kupita chini ya mji na kuchukua watu wa mji. Roma walipata ya kwao mwaka wa 1955, na Milano mwaka wa 1964. Ni reli ya magari makubwa ya moshi iliyotobolewa chini ya mji, ndiyo sababu inakwenda moja kwa moja kutoka mashariki hata magharibi, bila kupanda kilima.

Ile ya 1 kazi yake ilianza mwaka wa 1976, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa mwaka wa 1993, huko juu Vomero. Kutoka juu ikashuka mjini polepole, hata ikafika Piazza Garibaldi mwisho wa mwaka wa 2013. Kwa nini miaka mingi hivyo? Kwa sababu mji huu ulianzishwa na Wagiriki miaka karibu 2,500 iliyopita. Kila walipochimba walikuta vitu vya kale. Karibu na bandari, penye kituo cha Municipio, walikuta bandari ya zamani za Warumi pamoja na merikebu zao za mbao, zikiwa zimelala katika tope. Ilibidi wasimamishe majembe na kuwaita wataalamu. Tena reli hiyo yapaswa kupanda kilima, kwa hiyo hupinda na kupinda chini ya ardhi, na vituo vyake vingine viko chini sana. Kile cha Toledo, kilichofunguliwa mwaka wa 2012, kina kina cha meta karibu 50. Sisi tulishuka kila kituo tulichokusudia kumpitisha Mzee, tukaandika katika daftari: hapa pana lifti, hapa pana ngazi zinazotembea zenyewe, hapa pana ngazi 22 za mawe zisizokwepeka.

Ikabaki Pompei, na huko ndiko tulikokosea. Njia ya kwenda huko ni ile izungukayo Vesuvio, iitwayo Circumvesuviana. Tuliona treni ya Poggiomarino, tukasoma neno Pompei kati ya vituo vyake, tukapanda kwa furaha. Tuliposhuka hatukuona magofu. Tuliona mji wa watu na kanisa kubwa. Tukauliza lango la Porta Marina, ambalo tulilisoma katika vitabu, nasi tukatembea karibu nusu saa juani. Sisi ni vijana. Lakini tuliangaliana bila kusema, kwa maana kila mmoja wetu aliwaza magoti ya Mzee.

Tena ni historia iliyotufungua macho. Pompei ni miwili. Mmoja ni ule uliofunikwa na majivu ya Vesuvio mwaka wa 79, ambao ulianza kuchimbuliwa mwaka wa 1748. Wa pili ni mji mpya. Mwaka wa 1872 alifika pale mwanasheria mmoja mlei, Bartolo Longo, akakuta bonde lenye watu maskini. Yeye pamoja na mama mmoja, Marianna De Fusco, wakaanza kujenga kanisa la Mama wa Rozari, na kando yake nyumba za yatima. Mji ukakua kulizunguka kanisa. Longo alitangazwa mtakatifu tarehe 19 Oktoba 2025. Kwa hiyo njia ya Poggiomarino ina kituo chake cha Santuario, karibu na kanisa. Na njia nyingine, iendayo Sorrento, ina kituo chake cha Scavi, mbele ya Porta Marina. Njia hizo mbili huachana Torre Annunziata. Asiyejua hilo atapanda yoyote.

Lakini kosa letu lilituletea faida. Tulipofika Porta Marina tuliona njia ya mawe yenye mwinuko mkali, isiyofaa kwa mtu wa fimbo. Mlinzi mmoja akatuambia: “Kwa mzee, tumieni lango la Anfiteatro. Tangu mwaka wa 2016 kuna njia iliyosawazishwa, inaanzia huko.” Na lango hilo liko wapi? Upande wa kanisa, mwendo mfupi wa tambarare kutoka kituo kile kile tulichoshuka kwa makosa! Basi tukapanga: twende kwa njia ya Poggiomarino, turudi kwa njia ya Sorrento. Tukaongeza shauri lingine: tusipandie Garibaldi, ambako treni hufika imejaa, bali Porta Nolana, mahali inapoanzia safari, ili Mzee apate kiti.

Mwalimu alifika siku ya Ijumaa. Asubuhi tulitaka kumpandisha Vomero, lakini gari la kamba tulilolitegemea lilikuwa limefungwa siku ile. Tungekuwa wageni, tungemrudisha nyumbani. Hatukuhangaika. Tulimpeleka kwenye njia ya 1, tukashuka Vanvitelli, tukatembea polepole na kupumzika mara mbili, hata tukafika Certosa ya San Martino. Akautazama mji wote, na bahari, na Vesuvio mbele yake. Alikaa kimya muda mrefu.

Alasiri tukamshusha Pietrarsa, katika karakana za reli zilizoanzishwa na Ferdinando II mwaka wa 1840, ambazo tangu 1989 ni jumba la makumbusho. Pale pana mfano wa treni ya kwanza, uliotengenezwa mwaka wa 1939 kwa kukumbuka miaka 100. Mwalimu alisimama mbele yake akatuuliza, kama zamani darasani: “Mfalme tumemtaja, mjenzi tumemtaja. Na wafanyakazi?” Tukamjibu kwamba tarehe 6 Agosti 1863 wafanyakazi wa mahali pale waliacha kazi kwa kuogopa kufukuzwa, askari wakawapiga risasi, wakafa watu wasiopungua wanne. Akavua kofia yake.

Jumamosi tukaenda Pompei. Alipata kiti Porta Nolana, aliingia kwa lango la tambarare, alitoka upande wa Scavi, na jioni magoti yake hayakuvimba. Ndani ya treni ya kurudi alitutazama akacheka:

“Watoto wangu, mbona mnatembea kama mliozaliwa hapa?”

“Hapana, Mwalimu,” tukamjibu, “sisi tumekutangulia kwa siku kumi tu.”

Wasomaji, labda nanyi mnamngoja mgeni, huko Bukavu, Kalemie au Lubumbashi. Msitosheke na kufagia nyumba na kununua kuku. Nendeni kwanza mahali atakaposhuka. Ulizeni gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Hesabuni ngazi. Na kama njia mbili zina jina moja, ulizeni kila moja ilijengwa lini na kwa ajili ya nani. Mzee wa mtaa atawaeleza kwa furaha. Ni afadhali mwenyeji apotee peke yake siku ya Jumatatu, kuliko kupotea na mgeni wake siku ya Jumamosi.