Saa zilizopita pwani ya Rumonge

Oktoba 2017, mnada wa Phillips jijini New York uliuza Rolex Daytona ya chuma, mali ya mwigizaji Paul Newman, kwa dola milioni 17.75. Mwezi uliofuata, Christie's ya Geneva ikauza Patek Philippe ya dhahabu ya Mfalme Haile Selassie kwa faranga za Uswisi 2,875,000. Saa hiyo iliwahi kuondolewa mnadani mwaka 2015, baada ya kuzuka mzozo kuhusu umiliki wake. Daytona za aina ile ziko nyingine nyingi. Matajiri walilipia jina, na ushahidi kwamba mwenye jina aliivaa kweli.

Saa za watu mashuhuri zilifika mapema kwenye pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge kwenda kaskazini hadi mdomo wa mto Rusizi, na hazikuja kama pambo. Msafiri wa karne ya 19 alihitaji saa ili ajue yuko wapi: alilinganisha saa ya Greenwich na saa ya mahali aliposimama, na kila tofauti ya dakika nne ilikuwa digrii moja ya longitudo. Katika latitudo hizi, kosa la dakika moja ni kilomita kama 28. Dakika mbili tu zinatosha kuichora Rumonge ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo.

Kwa hiyo saa ikiharibika, ramani nayo huharibika. Richard Burton na John Hanning Speke, waliopita ziwa hili kwa mitumbwi Aprili 1858 wakielekea Uvira, walikuwa wamefikwa na balaa hilo: kronomita zao zilikufa safarini, ikabidi wahesabu sekunde kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye uzi. David Livingstone naye alipata pigo Januari 1867, pale kijana aliyezibeba kronomita zake alipoteleza na kuanguka.

Miaka minne baadaye, Livingstone alipita mbele ya Rumonge ya leo akiwa na Henry Morton Stanley. Waliondoka Ujiji Novemba 1871 kwa mtumbwi wa kuazima wakiambaa na ufuko wa mashariki, ili waone kama Rusizi inatoka ziwani au inaingia. Inaingia. Huko Mugere, kusini mwa Bujumbura, mwamba umechongwa majina ya wawili hao na tarehe 25-XI-1871. Wapo wanaodhani hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza, lakini walikuwa wameshakutana Ujiji.

Mwamba hauwataji wengine waliokuwa mtumbwini. Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, alikuwemo. Sidi Mubarak Bombay pia alikuwemo, na kwake ilikuwa safari ya pili, kwani miaka 13 nyuma alipita maji hayohayo na Burton na Speke.

Susi aliifahamu saa ya Livingstone kwa karibu. Siku ya mwisho ya mzee huyo, kijijini kwa Chitambo katika Zambia ya leo, mwaka 1873, Livingstone aliagiza saa yake iletwe. Hakuwa na nguvu tena. Alimwonyesha Susi namna ya kuishika kiganjani, kisha yeye mwenyewe akazungusha ufunguo polepole. Baada ya kifo chake, Jacob Wainwright, mmoja wa watu wa msafara wake, aliorodhesha vitu vilivyokutwa kwenye masanduku: kofia, saa moja, dira, vyombo vya kupimia. Mwili na madaftari vilibebwa hadi Bagamoyo, vikafika Februari 1874.

Orodha ya Wainwright ni hati ambayo dalali yeyote wa leo angeitamani. Septemba 2002 Christie's ya London ilinadi mkusanyiko wa vitu vya Stanley, na wanunuzi wakauchangamkia. Lakini mali za wasafiri hawa zina thamani kwa sababu kuna watu waliozibeba, wakazilinda na wakaweza kushuhudia zilikuwa za nani. Ni haki majina yao yaandikwe kwenye katalogi za minada, na kwenye kibao pale Mugere. Shirika la Kijiografia la Kifalme la Uingereza lilishaanza: liliagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu waliomsindikiza Livingstone, kila moja ikichorwa jina la mwenyewe ukingoni.