SHIKAMOO BOSI! Salamu Iliyotoka kwa Watumwa Sasa Inagombanisha Ofisi za Bongo

Kesi hii ipo karibu kila ofisi ya Dar na haijawahi kupata hakimu. Dada wa miaka 26 anaingia kazini mapema, anapita kwenye meza ya mhasibu wa miaka 57, anasema "mambo, za asubuhi?" na tabasamu juu, anakaa kwenye kompyuta yake. Hajatukana mtu. Ila ikifika mchana, kantini nzima inajua kwamba yule binti hana adabu. Na kama bado yuko kwenye miezi ya majaribio, anayejaza ile fomu yenye kipengele cha nidhamu ni huyo huyo mama wa uhasibu. Hapo sasa salamu imeshakuwa mshahara.

Wakubwa wanasema shikamoo ni utamaduni wetu tangu enzi na enzi. Vijana wengine nao wamegundua kitu mtandaoni na wanakitembeza kama silaha: shikamoo ni salamu ya watumwa, kwahiyo hawaitoi. Kila upande umeshika nusu ya habari.

Tuanze na hiyo ya utumwa, maana si uzushi. Neno lenyewe ni "nashika moo", yaani nashika miguu yako. Mmisionari Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Zanzibar mwaka 1870, wakati soko la watumwa la Mkunazini bado lipo wazi (lilifungwa 1873). Anaiandika kama salamu ya mtumwa kwa bwana wake, au ya mtu wa chini kwa mkubwa. Jibu lilikuwa hili hili la leo, marahaba, neno la Kiarabu la kumkaribisha mtu. Waungwana wa Pwani wenyewe kwa wenyewe walikuwa na sabalkheri na masalkheri, na hizo hazikumshikisha mtu miguu ya mwenzake.

Kwahiyo mwanzoni shikamoo haikuuliza una miaka mingapi. Iliuliza wewe ni nani kwenye ngazi. Mtumwa mwenye mvi angeweza kumwamkia kijana mdogo kabisa, kwa sababu tu huyo kijana ni bwana.

Utumwa ukafutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Salamu yake haikufa. Ilihama. Ilitoka kwenye cheo ikaenda kwenye umri: mtoto kwa mzazi, mjukuu kwa babu, mwanafunzi kwa mwalimu. Na huku bara ilikuta nafasi inaisubiri. Mgogo alikuwa na mbukwa yake, Msukuma na mwangaluka yake, lakini Mgogo na Msukuma wakikutana Kariakoo au kwenye korido ya ofisi ya serikali wanahitaji heshima ambayo wote wawili wanaielewa. Shule ikamaliza kazi. Nani aliyesoma shule ya msingi Tanzania hakumbuki darasa zima linasimama kwa mkupuo, "Shikamoo mwalimuuu"?

Ofisi yenyewe wakati huo ilikuwa na lugha nyingine. Mkoloni aliitwa bwana, kuna Bwana Mkubwa na Bwana Shauri, na mwanaume mzima mwenye wajukuu anayemletea chai aliitwa boi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 viti vikabaki vile vile, waliokalia wakabadilika, na wengine wao wakapenda kuitwa bwana mkubwa vile vile. Mtaani wakabatizwa manaizi. Jina halikuwa la sifa.

Ndipo ikaja kitu ambacho watu wa miaka ya 2000 hawakijui kabisa. Azimio la Arusha, Februari 1967. Mwaka huo huo serikali ikasisitiza Kiswahili kwenye shughuli zake zote, na neno la kuitana likawa NDUGU. Ahadi ya kwanza ya mwana TANU ilishasema binadamu wote ni ndugu, sasa likaingia mpaka kwenye barua na vikao. Ndugu Waziri, Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Dereva. Rais mwenyewe akabaki na jina la kazi yake ya zamani, Mwalimu.

Hebu fikiria maana yake kwa pale ofisini. Ukishaondoa cheo kwenye majina, kitu pekee kilichobaki cha kuheshimia ni umri. Mkurugenzi wa shirika la umma mwenye miaka 35 anamwambia dereva wake wa miaka 55 shikamoo, dereva anaitika marahaba ndugu mkurugenzi, na hakuna aliyeshuka hapo. Salamu iliyozaliwa kwa ajili ya kumkandamiza mtu ikawa inamshusha bosi kidogo kila asubuhi. Hilo ni geuzo kubwa na halisemwi kwenye mjadala wa mitandaoni.

Mama wa uhasibu ni zao la hapo. Mtumishi wa umma anastaafu kwa hiari akiwa na 55 na kwa lazima akiwa na 60, kwahiyo hawa wanaokaribia kuaga sasa walikaa madawati ya shule miaka ya 1970, Azimio likiwa la moto. Kwao shikamoo sio utumwa hata chembe. Ndo kitu pekee kilichokuwa kinawalinda wasio na vyeo.

Halafu mambo yakageuka tena. Mwinyi 1985, milango ikafunguliwa. Azimio la Zanzibar 1991, vyama vingi 1992. Ndugu likaanza kurudi nyumbani kwake CCM, na mheshimiwa akaingia mjini na suti. Radio One na ITV zikaja mwaka 1994, na redio binafsi zikakipa Kiswahili cha kijiweni kipaza sauti: mambo, poa, vipi, fresh. Mashirika yakauzwa au kugawanywa. NBC ilikatwa vipande mwaka 1997, na mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini ikachukua hisa nyingi. Ofisi binafsi zikaleta mameneja wa miaka 30, kuitana majina ya kwanza, na sentensi za huduma kwa wateja ambazo hakuna bibi aliyewahi kuzitamka: "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Nao huo ni upole, ila umeandikwa na mtu wa masoko.

Cheo kikarudi kazini, na umri haukuondoka. Hapo ndo pamoto. Bosi wa kike wa miaka 38 akiamkiwa shikamoo anaruka, "usinizeeshe bwana!" Asipoamkiwa na mtu mwingine ananuna. Kijana akipewa asante na mzee anajibu "poa" au "usijali", akimaanisha wema kabisa, kumbe mzee alitarajia "asante kushukuru" na amesikia mtu anayempa ruhusa ya kushukuru. Kwenye kundi la WhatsApp la kazini mkuu wa idara anaandika aya nzima inayoanza na "Habari za asubuhi wapendwa", anajibiwa kwa kidole gumba kimoja cha njano.

Kenya wamepumua kidogo kwenye hili, maana Nairobi "habari ya asubuhi" inamtosha mtu yeyote, na shikamoo imebaki zaidi Pwani. Mtanzania akihamia huko anakaa wiki mbili akijisikia mkosaji.

Bongo vijana wamejitengenezea mbinu zao. Wengine wanatumia "za saa hizi", haina umri wala cheo. Wengine wanameza sh ya mwanzo, inatoka "kamoo" ya haraka ambayo huwezi kuikamata wala kuikataa.

Ila nenda getini asubuhi kwenye jengo lolote la Posta au Masaki, sikiliza. Meneja anashusha kioo cha gari, "Shikamoo mzee." Mlinzi wa miaka 60 ananyanyua kizuizi, anapiga saluti:

"Marahaba, bosi."