Miaka 18 ilitoka wapi? Historia ya nani anaweka saini hospitalini

Kila mjadala wa vijana na kliniki ukifika redioni, hukosi mtu wa kusema: "Mtoto ni mtoto mpaka afike 18, kwisha." Mwingine anamjibu kwamba vijana waachiwe maamuzi yao. Ukiwasikiliza utadhani sheria ya Kenya ina mstari mmoja ulionyooka, na kazi iliyobaki ni kuuvuta juu au kuushusha. Mstari huo mmoja haupo. Uzi huu ni wa kueleza tulivyofika hapa, twende polepole.

Tulianzia kwa Mwingereza. Sheria yetu ya mahakama ya 1967 inataja mpaka tarehe: tunachukua misingi ya sheria ya Uingereza ilivyokuwa 12 Agosti 1897, pale ambapo sheria zetu wenyewe ziko kimya. Wakati huo mtu mzima alikuwa mwenye miaka 21. Na hiyo 21 haikutoka kwa daktari. Ni umri wa zamani wa kurithi mashamba ya watu waliotakiwa kupigana vita kwa farasi! Ndiyo hesabu iliyotufikia.

Mwaka 1974 Bunge letu likaishusha hadi 18. Sheria yenyewe ni fupi ajabu, unaimaliza kabla chai haijapoa, na haisemi kitu kuhusu matibabu. Inasema tu kwamba ukifika 18 wewe ni mtu mzima.

Uingereza walikuwa wameshafanya hivyo 1969, lakini wao waliongeza kipengele kimoja: kijana wa 16 anaweza kukubali matibabu mwenyewe, na kukubali kwake kuna nguvu sawa na kwa mtu mzima. Sisi tukachukua 18, hiyo 16 tukaiacha. Kwa maoni yangu hapo ndipo pengo lilipoanza, na sioni likitajwa kwenye mijadala.

Huko kwao ugomvi haukuisha. Victoria Gillick, mama wa watoto 10, alienda kortini kupinga mwongozo wa serikali ulioruhusu daktari, katika hali fulani, kumpa msichana wa chini ya 16 dawa za kupanga uzazi bila mzazi kujua. Alishindwa korti ya kwanza, akashinda kwenye rufaa, halafu 1985 majaji wa juu kabisa wakamgeuzia, watatu kwa wawili. Walisema swali kubwa si umri peke yake, ni kama mtoto huyu anaelewa vizuri kile anachokubali. Uamuzi huo haufungi korti zetu, ila wakili anaweza kuutaja na jaji akausikiliza.

Kwetu kilichosukuma mambo kilikuwa UKIMWI. Ulitangazwa janga la kitaifa 1999. Shida ya saini ikawa wazi: ukidai mzazi kwa kila kipimo, yule mtoto ambaye wazazi wamekufa, au aliyeolewa, au anayelala nje, hapimwi. Kwa hivyo sheria ya HIV ya 2006 ikaweka kanuni kwamba mtoto apimwe kwa idhini ya mzazi au mlezi iliyoandikwa, kisha ikafungua mlango. Mtoto mwenye mimba, aliyeolewa au kuoa, ambaye tayari ni mzazi, au ambaye maisha yake yanamweka kwenye hatari ya kuambukizwa, anaweza kukubali mwenyewe kwa maandishi, na majibu anapewa yeye.

Soma hiyo orodha tena. Haina umri hata mmoja. Wabunge hawakuuliza ana miaka mingapi, waliuliza anaishi vipi. (Sitaki kusema walikuwa wamesoma kesi ya Gillick. Nadhani walikuwa wamezika watu wengi.) Majirani zetu Tanzania walipobadilisha sheria yao 2019 walienda njia nyingine, wakashusha umri wa mtu kukubali mwenyewe kupimwa HIV kutoka 18 hadi 15.

Halafu ikaja Sheria ya Watoto ya 2022. Inampa mtoto haki ya kiwango cha juu cha afya, vizuri sana, lakini kwenye huduma za afya ya uzazi inataka idhini ya wazi ya mzazi au mlezi. Yaani mlango uliofunguliwa 2006 upande mmoja, ukafungwa 2022 upande wa pili.

Sasa chukua msichana wa 16 aliye na mtoto mchanga. Mtoto akiugua, ni yeye mama, yeye ndiye anaulizwa na nesi na yeye ndiye anakubali matibabu. Akitaka kujua hali yake ya HIV, anaweka saini mwenyewe kwa sababu ni mzazi. Akitaka kupanga uzazi ili asirudi leba mwaka ujao, anaambiwa akamlete mama yake.

Wanaotetea sheria ya 2022 nao si wajinga. Chini ya sheria ya makosa ya ngono ya 2006, mtu wa chini ya 18 hawezi kukubali ngono. Mzazi anauliza: huyu anayempeleka binti yangu kliniki kimyakimya ni nani, na je, si yeye aliyemharibia? Ni hofu ya kweli, kuna wanaume wazima wangefurahi sana mzazi asijue. Ila kuna nyumba ambazo mwenye hatia ndiye huyo huyo anayetakiwa kuweka saini, na hapo kifungu hakijasema nesi afanye nini.

Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani msimu huu aseme "tutarekebisha sheria ya idhini ya watoto", muulizeni ni ipi: ile ya 2006 ama ile ya 2022? Akisema zote, muulizeni yule mama wa 16 anabaki upande gani.