Barua za London na Soko la Nyangwe



Katika siku hizi za Jubile, vijana wetu wengi wametuuliza: habari za inchi yetu kabla ya kufika kwa misioni ziliandikwa na nani, nazo zinatunzwa wapi? Wazee walitusimulia mengi jioni motoni, lakini wazee wanapita, na kila mmoja anayezikwa anakwenda na sehemu ya habari zetu. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuweka katika kitabu hiki kidogo habari ya barua fulani za zamani. Barua hizo ziliandikwa huku kwetu Maniema, zikasafirishwa mpaka Uingereza, na nyingi kati yake zimehifadhiwa huko hata leo. Ndani yake mna wazee wetu, ingawa mara nyingi wameandikwa bila majina.

1. Chama cha wenye elimu

Mwaka 1830 watu wa elimu wa mji wa London waliunda chama cha kuchunguza inchi za dunia, mito yake, milima yake na watu wake. Mwaka 1859 kilipata hati ya Malkia, nacho ndicho kinachoitwa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Kazi yake kubwa ilikuwa ya barua. Msafiri aliyekuwa mbali aliandika yale aliyoyaona. Barua yake ilisomwa mbele ya wanachama, ikahojiwa na wajuzi, ikachapwa katika gazeti la chama kama ilionekana kuwa ya maana, kisha ikawekwa katika sanduku pamoja na nyingine. Hivyo, mwaka kwa mwaka, chama kilijikusanyia akiba kubwa ya maandiko. Hata barua ambazo hazikuchapwa hazikutupwa. Tangu mwaka 1913 nyumba ya chama hicho iko mtaa wa Kensington, na wachunguzi wa kila taifa wanaweza kuomba kuyasoma maandiko hayo.

Kati ya wote walioandikiana na chama hicho, anayetuhusu zaidi ni David Livingstone. Alikuwa mganga na mhubiri wa Kiprotestanti kutoka Scotland. Mwaka 1866 aliingia bara kutoka pwani ya mashariki ili atafute chemchemi za mto Nili. Chama kilimpa paundi 500, serikali ya Uingereza 500, na rafiki yake James Young akatoa 1000. Rafiki yake mwingine, Roderick Murchison, ndiye aliyekuwa mkubwa wa chama na ndiye aliyemsukuma kwenda. Murchison alifariki mwezi wa Oktoba 1871, bila kujua kama msafiri wake alikuwa mzima ao amekufa.

2. Barua katika njia za misafara

Wasomaji wa leo, waliozoea simu, wafikiri kidogo juu ya barua ya siku zile. Iliandikwa Kabambare ao Ujiji, ikafungwa, ikapewa mtu wa msafara wa pembe na watumwa. Mtu huyo, akitoka Kabambare, alipaswa kuvuka ziwa Tanganyika, kupita Tabora, na kushuka mpaka pwani, miezi mingi ya mwendo. Barua nyingi alizoziandika Livingstone huko Ujiji mwaka 1869 hazikufika. Yeye mwenyewe aliwashuku wafanyabiashara kwamba waliogopa habari za matendo yao zisijulikane kwa balozi wa Uingereza huko Unguja. Mapema zaidi uvumi ulisema kwamba ameuawa, hata mwaka 1867 chama kikamtuma Edward Young kwenda kuuliza habari zake upande wa ziwa Nyasa.

Livingstone alifika Kabambare, ambako yeye aliandika Bambarre, mwezi wa Septemba 1869. Vidonda vya miguu vilimweka huko kwa miezi mingi. Karatasi zikaisha. Wino ukaisha. Basi akatwaa kurasa za gazeti la zamani la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya maneno yaliyokwisha kuchapwa, akikatiza mistari yake. Wino wake ulikuwa maji mekundu ya mmea ambao watu walitumia kutia nguo rangi. Kwa namna hiyo aliandika shajara yake ya mwaka 1871, na kwa namna hiyo ziliandikwa habari za Nyangwe.

3. Siku ya 15 Julai 1871

Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwisho wa mwezi wa Marsi 1871. Alitaka mtumbwi avuke mto, wala hakupata. Akangoja zaidi ya miezi tatu, na katika kungoja huko aliandika juu ya soko. Aliwastaajabia hasa wanawake: jinsi walivyotoka mbali na mizigo mizito, na jinsi walivyoshindana bei kwa maneno makali na vicheko. Aliandika samaki, mihogo, mawese, chumvi, vyungu na kuku. Mtu wa Maniema akisoma maneno hayo leo anatambua mara moja mama zake.

Siku ya 15 Julai watu kama 1500 walikuwa sokoni. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki. Palitokea ubishi juu ya kuku, kisha risasi. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana mlangoni mwa kijito, wengine wakajitupa mtoni na maji yakawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku ile ile mtu mwingine, Tagamoyo, alikuwa akichoma vijiji vya ng'ambo. Dugumbe alituma mtumbwi kuokoa wengine, nao wakatoa majini watu 21. Mwanamke mmoja alikataa kupandishwa. Aliona afadhali mto kuliko mikono ya watu wale. Jina lake halikuandikwa.

Livingstone hakuweza tena kukaa Nyangwe. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na maskini, na huko, mwisho wa mwaka 1871, Stanley alimkuta. Stanley ndiye aliyezibeba barua na vitabu vyake mpaka Ulaya mwaka 1872. Barua kwa waziri wa Uingereza iliyosimulia maangamizi ya Nyangwe ikachapwa, na watu wa kule wakasikitika sana. Serikali yao ilimtuma Bartle Frere kwa Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni 1873 mapatano yakatiwa sahihi: soko la watumwa la Unguja lifungwe, wala watumwa wasisafirishwe tena baharini. Mwaka huohuo Frere alichaguliwa kuwa mkubwa wa Chama cha Jiografia.

4. Elimu ilitumika namna mbili

Hapa tunapaswa kusema ukweli wote, maana Jubile si siku ya kusifu tu. Wazee wetu waliolia Nyangwe walisikiwa London. Hilo ni jambo jema. Lakini maandiko yale yale yaliwafungulia njia watu wa namna nyingine.

Mwaka 1873 chama kilimtuma Luteni Cameron amsaidie Livingstone. Cameron alifika Nyangwe mwezi wa Agosti 1874. Alipima mwinuko wa mahali, akapima wingi wa maji, akaona kwamba Lualaba haiwezi kuwa Nili, kwa sababu Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, ambako Nili inapita. Habari hiyo ilikuwa elimu ya kweli. Stanley akaithibitisha alipoondoka Nyangwe mwaka 1876, akafuata mto mpaka Boma katika mwezi wa Agosti 1877. Lakini tayari katika mwezi wa Septemba 1876 Mfalme Leopold II alikuwa amewaita wakubwa wa vyama vya jiografia huko Bruxelles, na Cameron alikuwa kati ya wageni. Katika mkutano huo wa siku tatu lilizaliwa Shirika la Kimataifa la Afrika, ambalo lilijionyesha kuwa la elimu na la huruma. Mwaka 1885 Mfalme akawa mwenye Inchi Huru ya Kongo. Mwaka 1893 majeshi yake yaliteka Nyangwe na Kasongo. Biashara ya watumwa ilivunjwa, lakini taabu ya mpira na pembe ikawajia watu walewale. Karatasi haichagui msomaji wake.

Misioni nazo zilipita katika njia hiyo. Kituo cha Mpala, kando ya Tanganyika, kilijengwa kwa ajili ya Shirika lile mwaka 1883, kisha Mapadri Weupe wakakabiziwa mwaka 1885. Na Kardinali Lavigerie alipokwenda kuhubiri dhidi ya utumwa mwaka 1888, baada ya barua ya Papa Leo XIII ya tarehe 5 Mei mwaka ule, Cameron yule yule alisimama pamoja naye katika mkutano wa London wa tarehe 31 Julai. Mtu aliyeliona soko la Nyangwe kwa macho alishuhudia karibu na Kardinali.

5. Wale waliobeba

Livingstone alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika inchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake, kati yao Susi, Chuma na Jacob Wainwright, walikausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti, wakasafiri karibu miezi tisa. Cameron alipokutana nao Tabora aliwashauri wauzike mwili pale pale. Wakakataa. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu ikaupokea. Pamoja na mwili walikabizi maandiko. Bila mikono yao chama kisingepata shajara za miaka ya mwisho. Chama kilitengeneza nishani 60 za feza kwa ajili ya wale watu, kila moja na jina la mwenyewe. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Katika mwaka 1874 Horace Waller alichapa shajara hizo katika vitabu viwili, akifuata nakala safi ambayo Livingstone mwenyewe aliiandika baadaye. Kurasa za gazeti zenye wino mwekundu zilififia, hata hazikusomeka tena. Ndipo katika miaka 2010 na 2011 wajuzi wakazipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maneno yakatokea. Walipolinganisha maandiko mawili, waliona kwamba habari fulani za mwaka 1871, hasa juu ya ukali wa watu wa msafara wake mwenyewe, hazikuandikwa sawasawa katika nakala safi. Andiko la kwanza lilikuwa na ushuhuda ambao la pili liliupunguza. Hii ndiyo faida ya kutunza karatasi hata iliyochakaa.

Mwaka 2009 chama chenyewe kilifanya maonyesho katika nyumba yake juu ya wapagazi, waongozi na wakalimani, waliosahauliwa katika vitabu vya wasafiri. Walitafuta majina yao katika masanduku ya chama. Basi barua zilizoandikwa ili kumsifu msafiri zimeanza kumtaja pia yule aliyembebea mzigo.

6. Na sisi je?

Kardinali Lavigerie aliamuru kila kituo cha Mapadri Weupe kiandike shajara ya siku kwa siku. Shajara hizo, na barua za wamisionari, zimetunzwa Roma. Hivyo habari zetu nyingi ziko London na Roma, na sisi wenyewe tuna nini? Tuna vitabu vya ubatizo na vya ndoa, daftari za makatekista, barua za wazee wa kanisa, orodha za waliojenga nyumba ya Mungu kwa matofali ya mikono yao. Maasi ya mwaka 1964 na vita vilivyoanza mwaka 1996 vimechoma mengi katika inchi yetu. Mchwa na mvua vinafanya kazi yao bila kupumzika.

Tunaomba, basi, mambo matatu. Kwanza, kila jamaa yenye barua ao picha ya zamani ya parokia iilete kwa Padri, inakiliwe, nao warudishiwe yao. Pili, wazee wenye kumbukumbu waandikiwe maneno yao na vijana wa shule, pamoja na majina kamili ya watu na vijiji. Tatu, kisiandikwe kitu kwa ajili ya kupendeza tu. Aliyetenda vema atajwe, na taabu isifichwe.

Yule mwanamke wa Nyangwe aliyekataa mtumbwi anajulikana kwa Mungu peke yake, kwa sababu hakuna aliyeuliza jina lake. Katika daftari ya ubatizo, kinyume chake, hata mtoto wa siku tatu ana jina, na jina la baba, la mama, la msimamizi. Kila ukurasa wake unasema kwamba mtu huyu alikuwako, na kwamba Eklesia ilimpokea. Tukiutunza, wale watakaofanya Jubile ya pili hawatalazimika kwenda mbali kuuliza wazee wao walikuwa nani.

Mungu awabariki wote waliotutangulia, waliotajwa na wasiotajwa.