Mjadala wa siasa mtandaoni: Busia na Tororo zinafuata sheria za nani?

Kati ya tarehe 7 na 12 Januari 2021, kampuni za Marekani zilimfungia akaunti rais wa nchi yao, zikaondoa akaunti zilizohusishwa na wizara moja ya serikali ya Uganda, na Uganda nayo ikaifungia Facebook. Tangu siku hizo sita, swali la nani ana haki ya kusimamia mjadala wa siasa halijapata jibu moja. Katika mpaka wa Uganda na Kenya, swali hilo linahusu kura, fedha na hata dawa.

Mji mmoja, serikali mbili

Mpaka wa kimataifa unapita katikati ya Busia. Upande wa mashariki ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya. Upande wa magharibi ni Wilaya ya Busia nchini Uganda, iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Malaba, iliyo kaskazini, imegawanyika vivyo hivyo, na sehemu yake ya Uganda imo katika Wilaya ya Tororo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Neno bodaboda lenyewe hunasibishwa na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria mpakani hapo.

Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha ukaguzi kinawahudumia wasafiri na mizigo inayopita Busia. Maneno, hata hivyo, hayana kituo cha pamoja. Ujumbe ulioandikwa upande mmoja husomwa upande wa pili mara moja, na kila upande una sheria zake.

Siku sita za Januari

Tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wa Donald Trump walivamia jengo la Bunge la Marekani mjini Washington. Siku iliyofuata Facebook ilimfungia Trump akaunti bila kutaja kikomo, na tarehe 8 Twitter ikamfungia kabisa. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja: hatari ya kuchochea ghasia zaidi.

Uganda wakati huo ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi mkuu wa tarehe 14. Tarehe 11 Facebook ilitangaza kuwa imeondoa mtandao wa akaunti uliohusishwa na kituo cha serikali cha mawasiliano na wananchi, kilicho chini ya Wizara ya Habari na Teknolojia ya Mawasiliano. Kampuni hiyo ilisema akaunti bandia zilitumika kujifanya watu wengine na kuyafanya maoni ya upande mmoja yaonekane kupendwa kuliko hali halisi.

Siku iliyofuata Rais Yoweri Museveni alilihutubia taifa. Aliishutumu kampuni hiyo kwa jeuri, akasema kuwa mtandao unaotaka kufanya kazi Uganda lazima uwatendee wote kwa usawa. Facebook ikafungwa. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, na haikurudi hadi tarehe 18, baada ya matokeo kutangazwa. Mitandao mingine ya kijamii ilifunguliwa baadaye, ila Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka, na wanaoitumia nchini humo hulazimika kupitia programu za VPN.

Mamlaka hayo yanatoka wapi?

Wengi huuliza iwapo kampuni ya Marekani inaweza kumnyamazisha rais wa Marekani, ilhali katiba ya nchi hiyo inalinda uhuru wa kusema. Jibu ni kwamba katiba hiyo inaibana serikali; haizibani kampuni binafsi. Aidha, sheria ya mwaka 1996 inazikinga kampuni za mtandaoni zisishtakiwe kama wachapishaji wa maneno ya watumiaji wao, na inaziruhusu kuondoa maudhui kwa nia njema. Kwa hiyo uamuzi ni wao, na wao wanaweza kuubadilisha. Trump alirejeshewa akaunti ya Twitter Novemba 2022, na Januari 2023 kampuni inayomiliki Facebook ikatangaza kumrejesha pia.

Nchini Uganda mambo ni tofauti, kwani serikali yenyewe huziamuru kampuni za simu kuzima huduma. Katika uchaguzi wa Februari 2016 mitandao ya kijamii ilifungwa pamoja na huduma za kutuma fedha kwa simu. Julai 2018 ikaja kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, na mwaka 2021 nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 ya vifurushi vya intaneti. Mahakama pia imekuwa na neno: Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kikitumika kuwashtaki watu kwa mawasiliano ya kuudhi.

Kenya, iliyopitia ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilipitisha mwaka 2008 sheria inayoharamisha matamshi ya chuki ya kikabila. Julai 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano iliipa Facebook siku saba kudhibiti matamshi hayo au ifungiwe. Mawaziri wakasema haitafungwa, na uchaguzi wa Agosti ukafanyika mtandao huo ukiwa wazi.

Wakaguzi wa Nairobi

Kazi ya kuamua ujumbe upi ubaki na upi ufutwe haifanywi na mashine pekee. Kuanzia mwaka 2019 vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama kuikagulia Facebook maudhui. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alifungua kesi mwaka 2022 kuhusu mazingira ya kazi hiyo, na zaidi ya wakaguzi 180 wakafungua kesi nyingine mwaka uliofuata. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kuwa kampuni mama ya Facebook inaweza kushtakiwa nchini humo.

Uamuzi huo unagusa hata lugha. Mkaguzi asiyejua Kidhopadhola au Kiteso anaweza kuacha tusi zito lipite, au kufuta utani wa kawaida wa watani wa jadi.

Amri ya Washington, dawa za Tororo

Siasa za Marekani zina wasikilizaji wa karibu katika eneo hili. Baba yake Barack Obama alitoka Alego, Siaya, kaunti inayopakana na Busia, na Kidhopadhola cha Tororo ni ndugu ya Kijaluo. Lakini kuna sababu nzito kuliko undugu. Mpango wa Marekani wa kukabiliana na UKIMWI, ulioanzishwa mwaka 2003, umegharimia dawa za wagonjwa wengi Uganda na Kenya. Tororo ina kituo cha shirika la TASO, na upuliziaji wa dawa ya mbu majumbani ulianza huko mwishoni mwa 2014 kwa fedha za Marekani.

Kwa hiyo Trump alipotia saini tarehe 20 Januari 2025 amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, wagonjwa walitaka kujua kama dawa zingepatikana. Katika hali kama hiyo uvumi ni hatari: anayeamini kuwa kliniki imefungwa huenda akaacha dawa. Wiki mbili kabla ya amri hiyo, kampuni ya Facebook ilikuwa imetangaza kuachana na wahakiki wa habari nchini Marekani. Kwa Afrika Mashariki, mashirika ya PesaCheck na Africa Check, yenye ofisi Nairobi, huchunguza madai ya aina hiyo.

Kufuta na kuzima

Kufuta ujumbe na kuzima mtandao si jambo moja. Anayefuta huchagua neno, na anaweza kukosea au kupendelea. Aliyeonewa bado anaweza kulalamika. Anayezima humnyamazisha mwongo pamoja na yule ambaye angemsahihisha. Mkazi wa Busia ya Uganda aliye karibu na mpaka huweza kunasa mawimbi ya Kenya kwa laini ya pili. Aliye mbali zaidi, mwenye laini moja, husubiri intaneti irudi ndipo ajue kama aliyoyasikia yalikuwa kweli.