Bioakiolojia, na Udongo Usiotunza Mfupa

Mchai hupenda udongo wenye tindikali, hasa ule ambao kipimo chake cha pH kiko kati ya 4.5 na 5.5. Ndiyo maana vilima vya Mogogosiek, katika Konoin ya Kaunti ya Bomet, vimefunikwa na chai. Mfupa haupati raha hiyo. Ugumu wake unatokana na madini ya kalsiamu na fosfeti, nayo huyeyuka kidogo kidogo kila maji yenye tindikali yanapopenya ardhini. Katika udongo mwekundu kama huu, wenye mvua karibu mwaka mzima, mtu aliyezikwa karne nyingi zilizopita anaweza asibakize kitu zaidi ya enameli, lile ganda gumu la nje la meno.

Bioakiolojia ni uchunguzi wa masalia ya binadamu yaliyopatikana katika maeneo ya akiolojia ili kujua watu hao waliishi vipi: walikula nini, waliugua nini, walitoka wapi, na wenzao waliobaki waliwazika kwa namna gani. Daktari anayepasua maiti anatafuta sababu ya kifo. Mwanabioakiolojia anatafuta maisha, na si ya mtu mmoja tu bali ya jamii yake.

Neno lenyewe si kongwe. Mwaka 1972 Grahame Clark wa Uingereza alilitumia kwa masalia ya wanyama na mimea. Mwaka 1977 Jane Buikstra wa Marekani akalielekeza kwa binadamu, na maana yake ndiyo iliyoenea zaidi. Waingereza wengi wakaendelea kuwa na jina jingine kwa kazi ya mifupa ya watu, jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema akiolojia ya mifupa. Kwetu, ambako wataalamu wamesomea pande zote mbili, mvutano huo haujaisha. Umbo la bioakiolojia halina tatizo, kwa kuwa tumekwisha kuzoea biolojia na bioanuwai. Tatizo ni kwamba msomaji akisikia “bio” anafikiria viumbe vyote, na ana haki ya kuuliza kama mifupa ya mbuzi imo. Mimi ningelishika neno hili kwa maana ya Buikstra, na kulieleza mara linapotajwa kwanza. “Akiolojia ya mifupa” haisaidii, kwa sababu mbuzi naye ana mifupa. Na ningesema masalia, si mabaki: mabaki ni ya chakula.

Ili kuiona kazi hii ikifanyika inabidi kuvuka Msitu wa Mau. Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango kando ya Mto Njoro na kukuta masalia ya watu karibu 80. Maiti zao zilikuwa zimechomwa, na pamoja nao yaliwekwa mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na shanga. Umri wa maziko hayo ni kama miaka 3,000. Moto uliowachoma ndio uliohifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza: chombo cha mbao kilichochongwa na vipande vya kibuyu viligeuka makaa, na makaa hayana wa kuyala. Lakini moto huohuo huharibu DNA, kwa hiyo mfupa ulioungua sana unaweza kusimulia maziko usiweze kusimulia ukoo.

Mfupa ambao haukuungua husema mengi zaidi. Nyonga hutofautisha mwanamke na mwanamume. Meno yanayoota na ncha za mifupa zinazoungana huonyesha umri wa mtoto. Mistari iliyodidimia kwenye enameli ni alama ya njaa au ugonjwa wa utotoni, kwa maana jino likishaumbika halijirekebishi. DNA hutafutwa hasa katika mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Utafiti ulioongozwa na Mary Prendergast na kuchapishwa mwaka 2019 ulisoma DNA ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania, wakiwamo waliotoka mapango ya Molo na Keringet.

Matokeo mawili ya utafiti ule yanastahili kutafakariwa. Kwa miaka mingi wafugaji wa kwanza wa nyanda za juu wamegawanywa mafungu mawili kwa kufuata vyungu, zana za mawe na namna ya kuzika. DNA haikuona tofauti baina yao. Watu wa asili moja walikuwa na desturi mbili, na anayehesabu makabila kwa kuhesabu vyungu amepata onyo. La pili ni maziwa. Kati ya wote, ni mmoja tu, wa Pango la Gishimangeda kaskazini mwa Tanzania, aliyekuwa na badiliko la kijeni linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa. Mtu wa Bomet hapa ataitaja mursik, maziwa yaliyochachushwa, kabla sentensi haijaisha, na si vibaya, kwa sababu kuchachusha hupunguza sukari hiyo. Hata hivyo, kama wafugaji wale walichachusha maziwa ni swali la kuulizwa vyungu, si mifupa.

Sasa turudi upande wa chai, ambako tindikali si mwizi pekee wa ushahidi. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya Wanandi, jamaa wa karibu wa Wakipsigis wa Bomet, alieleza kwamba maiti nyingi ziliachwa nje zichukuliwe na fisi. Waliozikwa ni wazee sana na watoto wachanga, karibu na zizi la ng'ombe. Tuchukulie kwamba udongo ungekuwa mpole: mchimbaji angekuta vikongwe na vichanga, aandike kwamba vijana hawakufa. Kule Lothagam, karibu na Ziwa Turkana, mambo ni kinyume. Katika makaburi ya wafugaji wa kama miaka 5,000 iliyopita wanakadiriwa watu wasiopungua 580, wa kiume na wa kike, wa kila umri. Hapo unaweza kuzungumzia jamii nzima. Kwenye pango lenye watu wachache huna budi kuuliza kwanza ni nani aliyestahili kuingizwa.

Kujua udongo unavyokula mifupa kuna matumizi hata kwa mkulima wa Mogogosiek. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lakini kiunzi kizima cha mtu kinachofukuliwa katikati ya michai, katika udongo unaokula mifupa, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni cha miaka ya karibuni. Kwa hicho, polisi wapigiwe simu kwanza.